Mkono Gizani, Mkono Kwenye Tranka

Katika madaftari ya wanafunzi wa sekondari niliowafundisha Kiingereza, kulikuwa na ukurasa ambao haukukosekana. Juu yake wameandika "Synonyms" kwa kalamu nyekundu na kupigia mstari kwa rula, na chini yake maneno yamefuatana huku yakiunganishwa kwa alama ya sawasawa. Grope = fumble = rummage = flounder = scrabble. Wengine waliyanakili ubaoni, wengine kwa dada zao waliotangulia kidato, wengine kwenye vile vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi. Wakayakariri usiku wa prepo, saa za kujisomea, wakayachomeka kwenye insha, na mara nyingi insha ikaharibika pale pale mwandishi alipodhani ameipamba.

Nilifundisha mkoani Morogoro, kisha nikaingia kwenye tafsiri na ukalimani Dar es Salaam. Katika kazi zote mbili, ile alama ya sawasawa imenisumbua kuliko sarufi. Kosa la sarufi linaonekana, unalisahihisha, yanaisha. Neno lililokaa mahali pasipo pake hupita kimya kimya. Msomaji wa upande wa pili anaelewa jambo jingine kabisa, wala hajui kwamba ameelewa jingine.

Hayo maneno matano yote yanamhusu mtu anayetafuta kitu, au anayejitahidi, bila kuona vizuri, bila mpangilio au bila ustadi. Kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja. Yasogelee, utaona kila moja lina kiungo chake cha mwili, lina mahali pake, na lina hukumu yake juu ya mtu anayetenda.

Tumtendee haki kwanza mtu aliyeipa umaarufu desturi hii ya kupanga maneno kwa udugu wake. Peter Mark Roget alizaliwa London mwaka 1779, akawa daktari, na mwaka 1805 akaanza kujikusanyia orodha ya maneno kwa matumizi yake mwenyewe. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1852, naye akiwa na umri wa miaka 73, na hadi leo kinaendelea kuchapwa. Hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, chini ya vichwa 1,000, ili mwandishi mwenye wazo kichwani ambaye neno limemponyoka aende kwenye wazo lile na kulikuta neno lake likimngoja. Maana za maneno hakuzitoa, kwa sababu alimwandikia mtu aliyekua ndani ya Kiingereza, aliyesikia "rummage" jikoni kwa mama yake kabla hajajua kusoma. Mtu huyo akiona maneno matano kwenye mstari mmoja, manne anayaacha mara moja kwa sababu sikio lake linayakataa. Mwanafunzi wa Kilosa au Ifakara anapewa mstari ule ule bila lile sikio. Siku hizi simu nayo inampa: anagusa neno, programu inamletea msururu wa mengine, naye anachagua lililo refu.

Dawa niliipata usiku mmoja wa prepo, umeme ulipokatika. Anayejua shule ya bweni anajua kinachofuata: kelele, kicheko, kiti kinaanguka, kisha mikono inaanza kazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tochi ambayo sikuiwasha mara moja. Msichana wa dawati la mbele alikuwa anapitisha viganja juu ya meza, polepole, vidole vimetanuka, akitafuta kibiriti. Mwenzake wa nyuma alishakipata kibiriti lakini njiti zilikuwa zinamwanguka, anashika moja, inadondoka, anaikwangua upande usio na baruti. Wa tatu alikuwa ameingiza mkono wote kwenye begi na kuvuruga kila kilichomo, madaftari yakatoka, sweta likatoka, mishumaa hakuna. Nilipowasha tochi niliwaambia wabaki kama walivyo. Nikamwendea kila mmoja nikamwuliza, kwa Kiswahili, mkono wako ulikuwa unafanya nini.

"Nilikuwa napapasa, Madam."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nababaika tu na njiti."

"Na wewe je?"

"Napekua begi."

Yale maneno matatu ya daftarini yalikuwa yamepata wenyewe. Wa kwanza aligrope, wa pili alifumble, wa tatu alirummage. Hakuna aliyeyachanganya tena katika darasa lile, na sikuwa nimetoa tafsiri hata moja. Walikuwa na maneno yao tangu nyumbani, tena yaliyotofautishwa vizuri zaidi kuliko yalivyotofautishwa kwenye safu ya daftari.

Grope ni kazi ya kiganja kinachofanya kazi ya jicho. Anayefanya hivyo anaweza kuwa na mikono mizuri kabisa. Kinachokosekana ni mwanga. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia neno hilo katika Kumbukumbu la Torati 28 na katika Isaya 59, mahali panapozungumzwa kipofu na watu wanaotafuta njia adhuhuri wasiione. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union waliweka papasa, na hawakukosea. Kutoka gizani neno limehamia akilini. Mwanasayansi anayetafuta jibu ambalo hakuna aliyewahi kuliona huelezwa kwa neno hilo, na hapo si tusi. Ni heshima kwa mtu anayesonga mbele ingawa haoni.

Lakini neno hili lina upande mwingine, na hapa ndipo orodha za daftarini zinapoweza kuumiza watu. Katika Kiingereza cha leo, grope likimchukua mtu kama yambwa, yaani likifuatwa moja kwa moja na jina la mtu au la kiungo chake, lina maana ya kumshika mtu kwa tamaa bila ridhaa yake. Niliwahi kuletewa kuhariri tafsiri ya taarifa ya hospitali, ya mgonjwa aliyekuwa anapelekwa nje ya nchi kwa matibabu. Taarifa ya Kiswahili ilisema daktari alimpapasa mgonjwa tumbo, akagundua uvimbe upande wa kulia. Kijana aliyetafsiri alifungua orodha yake akachukua grope. Kwa msomaji wa Kiingereza, daktari yule alikuwa amemdhalilisha mgonjwa wake, na uvimbe ukawa jambo la pembeni. Madaktari wa Kiingereza wana neno lao, palpate, nasi tunalo letu zuri ambalo tunaliacha lifie vijijini: kutomasa. Unatomasa embe kujua limeiva, unatomasa jipu kujua limekomaa, na daktari anatomasa tumbo. Papasa ni kiganja kinachopita juu, tomasa ni vidole vinavyobonyeza kwa kipimo. Kama mwandishi wa taarifa angetumia tomasa, huenda mtafsiri asingepotea.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Nimekutana na maelezo ya mwanamke aliyeshikwashikwa ndani ya basi lililojaa. Yeye mwenyewe alisema "alinipapasa", akaeleza wapi na kwa muda gani. Mtafsiri, nadhani kwa haya na malezi mema, akaandika kwa Kiingereza kwamba mwanamume yule alimgusa. Ndani ya basi lililojaa, nani hagusani na mwenzake? Jambo ambalo mahakama zetu huliita shambulio la aibu, na ambalo Bunge lilikazia adhabu za makosa ya jamii yake katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, likageuka kuwa msongamano wa abiria. Pale neno lilikuwa grope, bila kumumunya. Mwanamke yule alikuwa amekusanya ujasiri wa kulisema kwa lugha yake. Haikuwa kazi ya mtafsiri kumfunika.

Kwa sababu hiyo nawaambia vijana wa tafsiri kila mara: ukikutana na papasa, usikimbilie kamusi. Uliza kwanza mkono ni wa nani, uko juu ya nini, na mwenye mwili ameridhia.

Rummage ni neno la bandarini. Lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, likihusu kupanga mapipa na mizigo ndani ya tumbo la meli. Anayepanga shehena hana budi kuisogeza na kuipangua, na kwa njia hiyo maana ikahamia kwenye kupangua vitu ili kutafuta. Maafisa wa forodha wa Uingereza wameendelea kulitumia kwa kazi ya kuingia melini na kupekua kila chumba na kila pembe. Kwa hiyo rummage inataka rundo. Inataka vitu vingi vilivyokaa pamoja, na mkono unaovipindua. Gizani penye meza tupu huwezi kurummage, na kwenye balo la mitumba lililofunguliwa mchana kweupe huwezi kugrope. Nenda soko la Karume pale Ilala asubuhi, balo linapofumuliwa, uangalie kina mama wanavyozamisha mikono hadi viwiko, wanavuta kola, wanatupa, wanavuta nyingine. Wanaona vizuri, tena wanaona mpaka uzi uliotoka kwenye mshono. Wanachotafuta kimefichwa na wingi.

Bweni nako kuna msako wa matranka, matroni anapopita na kufungua moja moja kutafuta simu. Wanafunzi wangu wa kike walilielewa neno hili kwa uchungu kuliko la kwanza, na mmoja akatunga sentensi sahihi kabisa kuhusu tranka lake, nguo zake zilizomwagwa kitandani na barua za mama yake zilizosomwa. Kiingereza kilikuwa kimefika mahali alipokuwa na jambo la kusema. Ndani ya rummage kuna kutojali mpangilio wa mwenye mali, na binti yule alilijua hilo bila kuambiwa na kamusi.

Scrabble sitakaa nalo sana. Limetoka kwenye Kiholanzi, kwenye neno la kukwaruza, na kwetu kuku ndiye mwalimu wake: kuchakura. Kuna kucha ndani yake na kuna haraka. Mtu anayeteleza kwenye mteremko wa kokoto, vidole vikikwaruza kutafuta pa kushika, ndiye anayehusika. Wengi wanalijua kwa mchezo wa herufi uliobuniwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Jina hilo mchezo ulilipata mwaka 1948 kwa James Brunot. Ukiona wachezaji wanavyochakura herufi ndani ya mfuko utakubali kwamba Brunot alikuwa na sikio zuri.

Flounder ndilo linalochanganywa hata na Waingereza wenyewe. Wanalichanganya na founder, neno linalotokana na Kilatini cha "chini kabisa", yaani chombo kujaa maji na kuzama. Anayeflounder hajazama. Yuko kwenye tope au maji, miguu haipati pa kukanyaga, mwili mzima unarusharusha. Sisi tuna methali iliyokwisha kumaliza somo: mfa maji haachi kutapatapa. Kutapatapa ni kwa mwili wote, na anayetapatapa amekosa kitu kimoja tu, ardhi chini ya miguu.

Fumble nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi kama mwalimu. Kitu unacho. Ufunguo uko mkononi na tundu la kufuli liko mbele yako. Vidole ndivyo havitii, kwa baridi, kwa hofu au kwa haraka. Katika mpira wa Kimarekani mchezaji anafumble mpira uliokuwa tayari mikononi mwake. Watangazaji wetu wa soka wangesema kipa ameutema. Waingereza wanasema pia mtu anafumble maneno, nasi tunasema anababaika, anamung'unya. Neno halimwiti mjinga. Linasema kwamba kitu kipo ila hakishikiki.

Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mtoto wa wakulima wa mpunga bonde la Kilombero, alisimama darasani kwangu kujibu swali la ufahamu. Kifungu kilihusu malaria, na swali lilitaka sababu ya kuondoa maji yaliyotuama. Alifungua mdomo, akasema "Because the water…", akarudia, akakunja pindo la shati, akanyamaza. Darasa likaanza kuguna. Nikamwambia, nieleze kwa Kiswahili, mwanangu. Akaeleza kwamba mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotulia, kwamba mayai huwa viluwiluwi, kwamba kwao viluwiluwi unawaona kwenye majaruba asubuhi wakiwa wamelala sambamba na uso wa maji, na kwamba ukivuruga maji wanazama kisha wanapanda tena kupumua. Hilo la kulala sambamba na maji halikuwamo kwenye kifungu. Ni tabia inayowatofautisha viluwiluwi wa Anopheles na wa mbu wengine, ambao huning'inia kwa mshazari. Kijana alikuwa ameiona kwa macho yake kabla hajawahi kuisoma.

Muhula ule ule nilikuwa na binti aliyeulizwa swali la aina hiyo hiyo akanyamaza vivyo hivyo. Nilipompa Kiswahili, kimya kikabaki. Nilikaa naye baada ya vipindi, nikagundua kwamba alikuwa amepoteza karibu mwaka mzima wa shule ya msingi akiuguza nyumbani, na kifungu chenyewe kilisimama juu ya mambo ambayo hakuwahi kufundishwa. Kwenye ripoti, kijana na binti walikuwa na alama zilizokaribiana na maoni yale yale ya "aongeze bidii". Ukweli ni kwamba mmoja alikuwa anafumble na mwingine alikuwa anaflounder. Wa kwanza alihitaji muda, ulimi ulegee. Wa pili alihitaji mtu wa kurudi naye nyuma hadi mahali penye ardhi. Kumpa mmoja dawa ya mwenzake ni kumpotezea mwaka.

Tofauti hiyo haiwezi kuonekana katika darasa ambalo Kiswahili kimepigwa marufuku. Kwa Kiingereza kitupu, anayejua na asiyejua wananyamaza sawasawa. Watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha Januari moja wanaambiwa lugha imebadilika, na katika shule nyingi wanaadhibiwa wakisikika wakisema ile waliyofundishwa nayo. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Haikufanyika. Ubishi wa sera una wenyewe na utaendelea. Mimi ninazungumzia dakika arobaini za kipindi, ambazo ziko mikononi mwa mwalimu.

Nawajua wanaosema kwamba ukimruhusu mtoto Kiswahili kwenye somo la Kiingereza hatakijua Kiingereza kamwe. Sikuyaona hayo. Waliokuja kuandika Kiingereza kizuri kati ya wanafunzi wangu ni wale walioweza kuniambia kwanza, kwa Kiswahili chenye meno, mkono ulifanya nini. Asiye na chakura, pekua, tomasa, furukuta na tapatapa katika lugha yake atalazimika kukariri scrabble na wenzake hewani, na hewani hakuna kinachoshika. Tena utajiri huo unapungua. Nasikia vijana wa mjini wakisema "kutafuta" kwa kila kitu, kuku anatafuta, polisi wanatafuta, kipofu anatafuta. Kamusi ya Visawe ya Mohamed na Mohamed ipo. Sijui kwa nini haimo kwenye kila maktaba ya sekondari pembeni ya kamusi ya Kiingereza.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayefundisha Kiingereza, ninakuomba mambo mawili muhula utakapofunguliwa. Futa alama ya sawasawa ubaoni, na mbele ya kila neno la orodha mwombe mwanafunzi asimame alitende, kisha ataje lile la kwao kabla hujampa sentensi. Na mtoto akisimama akanyamaza, usimwambie akae. Mwulize kwa Kiswahili.